Maswali ya Wasomaji: Kusomea Sanaa ya Uchunguzi wa Jinai na Kuifanyia Kazi

Barua tulizokusanya safari hii zinahusu fani moja: kuchora, kufinyanga au kutengeneza kwa kompyuta sura ya mtu anayetafutwa na polisi, au ya maiti ambayo haijulikani ni ya nani. Baadhi ya maswali tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nina shahada ya kwanza ya uchoraji. Nianze na shahada ya uzamili ya sayansi ya jinai, au kuna kozi inayompokea msanii moja kwa moja?

Zipo zinazompokea msanii, ila duniani kote ni za kuhesabu. Inayojulikana zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti: shahada ya uzamili ya mwaka mmoja inayohusu sanaa ya uchunguzi na taswira za uso, chini ya kituo cha anatomia na utambuzi wa binadamu. Mwanafunzi hujifunza kichwa na shingo kwenye miili ya watu waliojitolea kabla ya kufa, bega kwa bega na wanaosomea sanaa ya tiba. Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores kina Face Lab, maabara ya Profesa Caroline Wilkinson, aliyetoka Dundee mwaka 2014. Kozi yao ya uzamili inaunganisha sanaa na sayansi kwa upana zaidi, kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye utakayeielekeza kwenye uso kupitia mradi wako.

Njia ya pembeni, na kwa ajira huenda ndiyo salama zaidi, ni uchoraji wa tiba. Idara kongwe kuliko zote ni ya Johns Hopkins nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1911 chini ya Max Brödel. Humo utapata anatomia ya kina na utatoka na fani inayolipa hata kama fuvu halitafika mezani kwako maishani. Tarajia wakudai masomo ya baiolojia juu ya kazi zako za sanaa.

Uzamili wa jumla wa sayansi ya jinai hatuushauri kwa msanii. Utatumia muda mwingi kwenye alama za vidole, damu na kemia, umalize bila kujua msuli wa kutafunia unashika mfupa gani. Ukitaka upande wa sayansi, chagua anthropolojia ya uchunguzi, maana hapo utaishi na mifupa.

Kabla ya kulipa ada yoyote, iandikie ofisi ya kozi uulize: saa za kupasua maiti kwa mwanafunzi mmoja ni ngapi, je, kuna skani za CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) za vichwa halisi za kufanyia mazoezi, wanaofundisha wanapokea kesi za polisi au wamebaki darasani? Hakikisha pia kwamba kozi inafunguliwa mwaka huo. Kozi ndogo kama hizi hubadilishwa jina, huunganishwa na nyingine, au hukosa wanafunzi wa kutosha zikafungwa.

Kuhusu ufadhili, Chevening, mpango wa serikali ya Uingereza, hugharimia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa raia wa nchi zinazostahili, na moja ya masharti yake ni saa 2,800 za uzoefu wa kazi baada ya shahada ya kwanza. Kazi za kujitegemea huhesabiwa, hivyo msanii aanze mapema kuweka kumbukumbu za saa zake.

Niweke nini kwenye mkusanyo wa kazi ninaoombea nafasi?

Weka michoro ya kutazama kitu kilicho mbele yako. Wanaochagua hawatafuti mtindo. Wanataka kuona kama mkono wako unatii jicho. Kazi 15 hadi 20 zinatosha: fuvu lilelile kutoka pembe tano; vichwa vya watu wa rika tofauti, hasa wazee, kwa sababu uso wa kijana huficha makosa; miili kutoka darasa la mtu aliye hai; kichwa kimoja au viwili vya udongo; na kazi ya kompyuta kama unayo. Picha za watu maarufu zilizonakiliwa kutoka kwenye fotografia ziache nyumbani. Zinaonyesha uvumilivu, na uvumilivu hakuna aliyeutilia shaka.

Kosa tunaloliona kwa waombaji wengi ni fuvu lililochorwa kwa kukariri: matundu ya macho ya duara na meno yaliyopangwa sawasawa. Tundu la jicho lina umbo linalokaribia mraba uliolala mshazari, na hakuna fuvu lenye pande mbili zilizo sawa kabisa.

Naomba hatua za kujenga uso juu ya fuvu, na mahali ambapo wanafunzi hukwama.

Hapa tutakaa kidogo.

Usiguse udongo kabla hujapata ripoti ya mwanaanthropolojia yenye jinsia, makadirio ya umri, asili, magonjwa na majeraha ya mifupa, na hali ya meno. Na usifanye kazi kwenye fuvu lenyewe. Fuvu ni ushahidi, pia ni mabaki ya mtu. Tengeneza nakala, siku hizi kwa skani ya CT na uchapaji wa 3D. Omba vipande vya skani vyenye unene usiozidi milimita 1. Vikiwa vinene, mifupa myembamba ya ndani ya tundu la jicho hutoboka kwenye modeli na paji la uso hutoka na ngazi. Jambo jingine ambalo limewaumbua wengi ni faili za STL, zinazohifadhi umbo la 3D, ambazo hazibebi kipimo. Programu moja husoma 130 kama milimita, nyingine kama inchi, na anayesahihisha kwa kukisia hupata fuvu lililokuzwa au kupunguzwa. Pima upana kati ya mifupa ya mashavu kwa kalipa (chombo cha kupimia upana) kwenye fuvu halisi, kisha uulinganishe na nakala.

Baada ya hapo funga taya. Kati ya kiungo cha taya na fuvu kulikuwa na gegedu, kwa hiyo acha nafasi ya milimita chache, na meno ya juu na ya chini yaachane kwa takribani milimita 2, jinsi yanavyokaa mtu akiwa ametulia. Wanafunzi hubana meno kabisa, uso mzima ukawa mfupi na kidevu kikapanda. Kisha simamisha fuvu katika mkao wa Frankfurt: ukingo wa chini wa tundu la jicho na ukingo wa juu wa tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo.

Vigingi vya unene wa nyama hukatwa kwenye vifutio vya vainili na kugandishwa sehemu maalumu za mfupa. Mfumo wa msingi wa Kimarekani, uliosambazwa na Betty Pat Gatliff akishirikiana na mwanaanthropolojia Clyde Snow, hutumia sehemu 21 hivi. Ili upate picha ya viwango: mwishoni mwa mfupa wa pua kama milimita 3, kati ya nyusi kama 5.5, mbele ya kidevu na katikati ya mdomo wa juu kama 11. Kigingi kikae wima juu ya mfupa, kwani kikilala mshazari unene unaosoma ni wa uongo. Kuhusu majedwali ya unene huo, usikeshe ukitafuta lililo kamili. Tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya kundi moja ni kubwa, mara nyingi kuliko tofauti kati ya jedwali na jedwali, na namba zenyewe hutegemea zilivyopimwa, kwa sindano kwenye maiti, kwa mawimbi ya sauti au kwa CT ya mtu aliyelala chali.

Mikhail Gerasimov, Mrusi aliyelifungua kaburi la Timur, mtawala wa kale wa Asia ya Kati, mwaka 1941, aliitegemea misuli zaidi ya vipimo. Njia inayoitwa ya Manchester, aliyoiendeleza Richard Neave, imeunganisha yote mawili: unajenga msuli wa panja, wa kutafunia, wa kuzunguka macho na wa kuzunguka mdomo, kisha vigingi vinakuwa mashahidi wa kukuambia kama umezidisha. Tunaipendelea hii. Anayejaza udongo kati ya kigingi na kigingi bila misuli hupata uso uliovimba palepale ambapo vigingi havipo, yaani mashavuni.

Jicho lina kipenyo cha milimita 24 hadi 25. Wanaoanza hulizika ndani. Sehemu yake ya mbele kabisa hutokeza kama milimita 16 mbele ya ukingo wa nje wa tundu. Kona ya nje ya kope hushikwa na kinundu kidogo kwenye ukuta wa nje wa tundu, kama milimita 10 chini ya mshono wa mfupa wa paji na mfupa wa shavu. Pitisha kidole, utakihisi.

Pua ndiyo inayochosha. Upana wa tundu la pua kwenye mfupa ni takribani tatu ya tano ya upana wa pua yenyewe. Kwa ncha, Gerasimov alichora mistari miwili kwenye picha ya ubavuni, mmoja ukifuata mwisho wa mifupa ya pua na mwingine ukifuata mwiba ulio chini ya tundu. Inapokutana ndipo ncha ilipokuwa. Shida ni kwamba mwisho wa mifupa hiyo ni mwembamba mno na kwenye mafuvu yaliyofukiwa mara nyingi umevunjika. Ukifuata ukingo wa mvunjiko, mstari unapotoka na pua inakwenda isikostahili. Mfupa ukiwa umevunjika, chora pua ya wastani na useme hivyo kwenye ripoti.

Upana wa meno ya mbele, kutoka chonge hadi chonge, ni takribani asilimia 75 ya upana wa mdomo. Masikio mfupa hauyasemi sana, kwa hiyo yafanye ya kawaida. Nywele ziwe fupi na zisizo na mtindo, au zififizwe, isipokuwa kama zimepatikana pamoja na mwili. Mtazamaji hushika nywele kwanza, na nywele zisizo zake humfanya ndugu apite bila kusimama.

Uso ukishajengwa, unafanana na mhusika kwa kiasi gani? Mahakama inaupokea kama utambulisho?

Katika majaribio ya mwaka 2006 ambapo Wilkinson na wenzake walijenga kwa kompyuta nyuso za watu walio hai kutokana na CT zao, takribani theluthi mbili ya eneo la uso ilikuwa na kosa lisilofika milimita 2. Ni matokeo mazuri, lakini yalifanyika kwenye watu wachache, na kosa lililobaki hukaa palepale watu wanapopatazama: pua, midomo, masikio.

Kuhusu swali la pili, hapana. Interpol inatambua vitambulisho vitatu vya msingi vya maiti: alama za vidole, meno na vinasaba. Uso uliojengwa kazi yake ni kumfanya mtu mmoja ainue simu na kutaja jina, ndipo vitambulisho hivyo vitatu vipate cha kulinganishwa nacho. Mjini Cardiff mwaka 1989 mabaki ya msichana yalikutwa yamefungwa kwenye zulia. Neave alijenga kichwa, waliomfahamu wakamtaja, kisha meno na vinasaba vikathibitisha. Kwa hiyo unapoandika ripoti usiseme "hivi ndivyo alivyokuwa". Sema "makadirio yanayotokana na fuvu", na utaje sehemu zenye ushahidi dhaifu.

Picha ya uso pia isiende peke yake. Kampeni ya Interpol ya Identify Me, iliyoanza mwaka 2023 kwa kesi za wanawake 22 waliokutwa wamekufa Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, ilitoa nyuso zilizojengwa pamoja na vito, nguo na tatuu. Mwanamke wa kwanza kupatiwa jina alitambuliwa na familia kwa tatuu yake.

Je, bado kuna kazi ya kukaa na shahidi na penseli, au programu zimeichukua?

Inategemea nchi. Marekani penseli bado ipo. Lois Gibson, aliyekuwa msanii wa polisi wa Houston, ameingia kwenye rekodi za Guinness kwa idadi ya wahalifu waliotambuliwa kupitia michoro yake. Uingereza wengi hutumia programu za kuunda sura kama E-FIT na EvoFIT. Chombo chochote utakachokishika, mahojiano ndiyo yanayoamua, na hapo ndipo kozi nyingi za sanaa zina pengo.

Tenga saa mbili hadi tatu. Shahidi aeleze kwanza kwa maneno yake bila kukatizwa, hata kama anazunguka. Usimwulize "alikuwa na ndevu?" bali "sehemu ya chini ya uso ilikuwaje?" Swali la kwanza linaweza kupanda ndevu ambazo hazikuwepo. Ndipo uchore uwiano kwa wepesi, na picha za mifano ya macho au pua uzilete mwishoni, baada ya yeye kumaliza kukumbuka. Ukizitoa mapema, kumbukumbu yake huchanganyika na katalogi yako. Chora kwa mistari myepesi inayofutika. Shahidi akiona mchoro uliokamilika huona haya kukusahihisha.

Watu huzitambua sura nzima vizuri kuliko wanavyoweza kueleza sehemu mojamoja, na uwezo wa kueleza hupungua haraka siku ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana EvoFIT haimtaki shahidi ataje pua. Humwonyesha nyuso nyingi, achague zinazokaribia, kisha programu inazizalisha upya hadi zimsogelee mhusika. Kwa shahidi aliyekuja baada ya siku kadhaa, tungeanza na njia ya aina hiyo.

Na usikubali kamwe kuonyeshwa picha ya mtuhumiwa kabla ya kuchora. Afisa anaweza kudhani anakusaidia. Wakili wa upande wa pili atakuuliza swali hilo moja tu, na likijibiwa vibaya mchoro wote umekwisha.

Niseme ukweli kwa wazazi wangu: ajira ipo?

Ya muda wote, kidogo sana. FBI ina wasanii wake, na baadhi ya idara kubwa za polisi zina mmoja au wawili, ambao mara nyingi ni askari au wataalamu wa eneo la tukio wanaochora kesi inapotokea. Kituo cha Marekani cha watoto waliopotea, NCMEC, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina kitengo chake cha taswira. Wengine wote huishi kwa kuchanganya: uchoraji wa tiba, nyuso za makumbusho (uso wa mfalme Richard III uliotolewa mwaka 2013 ulitengenezwa Dundee), filamu na michezo ya kompyuta, ualimu wa anatomia, michoro ya mahakamani.

Sehemu ambayo wasanii huisahau ni ulinganishaji wa nyuso: kamera imenasa mtu, polisi wana picha ya mshukiwa, je, ni yuleyule? Miongozo ya FISWG, kundi la kitaalamu la utambuzi wa nyuso, inataka ulinganisho wa maumbile, kipengele kwa kipengele, kwa orodha maalumu. Kulaza picha moja juu ya nyingine au kupima umbali kwenye picha za kamera za ulinzi hakuaminiki, kwa kuwa lenzi na pembe hubadilisha kila kitu. Anayejua anatomia ya sikio na mikunjo ya ngozi ana faida kubwa hapo.

Cheti kinachofahamika zaidi hutolewa na IAI, chama cha kimataifa cha wataalamu wa utambuzi, kilichoanzishwa mwaka 1915. Kinadai saa za mafunzo yaliyoidhinishwa, kazi za kesi halisi na mtihani, hivyo hakipatikani ukiwa bado mwanafunzi. Mpango tunaoushauri: ingia taasisi kwa kazi nyingine, iwe upigaji picha wa ushahidi, chumba cha maiti au maabara, kisha uwe yule mtu anayejua pia kuchora.

Akili mnemba inaweza kupewa fuvu, au vinasaba, ikatoa uso?

Itatoa uso, naam. Itatoa pia vinyweleo, mng'ao wa macho na tabasamu, vitu ambavyo hakuna mfupa uliovisema. Mtazamaji ataamini ni fotografia na kumwondoa ndugu yake kichwani kwa sababu nyusi hazifanani. Michoro ya wasanii huachwa na ukungu kwa makusudi. Kwa upande wa vinasaba, mwaka 2022 polisi wa Edmonton, Kanada, walichapisha uso wa mshukiwa uliokadiriwa kutokana na DNA, wakaiondoa picha hiyo na kuomba radhi baada ya kulaumiwa kwamba inawaelekezea kidole watu weusi wengi bila msingi. Rangi ya macho na nywele hukadirika kwa kiasi. Sura, bado.

Je, lazima niangalie maiti?

Lazima. Sehemu kubwa ya kazi ni kuchora uso wa marehemu kutoka kwenye picha za chumba cha maiti ili uweze kuonyeshwa kwa umma bila kutisha. Mwombe mpiga picha asimame kama mita 1.5 au zaidi, lenzi ikiwa sambamba na uso, na rula iwe kwenye picha. Simu iliyosogezwa karibu hukuza pua na kupotosha uwiano wa uso. Kumbuka kwamba kwa aliyelala chali nyama za shavu zimeteleza kuelekea masikioni, taya imeshuka na macho yamezama. Hayo ndiyo unayorekebisha. Makovu na alama za asili usiziguse. Uliza pia mapema kama kozi au ofisi ina mshauri wa kisaikolojia, na usingoje uanze kukosa usingizi.

Familia yetu ina mtoto aliyepotea miaka minane iliyopita. Tumpelekee nini msanii anayetengeneza picha ya umri alio nao sasa?

Poleni sana. Pelekeni picha kadhaa za mtoto za mwaka wa mwisho, angalau moja ya mbele bila kucheka na moja anayeonyesha meno. Kisha pelekeni picha za baba, mama na ndugu wa damu wakiwa na umri ambao mtoto angekuwa nao leo. Kama alipotea akiwa na miaka sita, basi tafuteni picha za wazazi wakiwa na kumi na minne. Msanii hurefusha sehemu ya chini ya uso, hunyanyua mgongo wa pua, hubadilisha meno ya utotoni kwa ya ukubwani, na huyaacha macho karibu yalivyo kwa sababu jicho hukua kidogo tu baada ya utotoni. Aliyepotea kabla ya miaka miwili ni mgumu zaidi, hapo picha za familia hubeba karibu kazi yote.

Andikeni makovu, mwanya wa meno, miwani, na kama mtoto alipenda kuinamisha kichwa upande mmoja. Picha za karatasi zichukuliwe kwa skana, zikiwa zimetolewa kwenye fremu. Mkizipiga kwa simu juu ya kioo, uso hupinda na mng'ao hufuta nusu ya shavu. Na ombeni picha mpya itengenezwe tena kila baada ya miaka miwili hivi hadi afikishe 18.